Haidrojeni ya Jua: Huungua au Huungana? Hoja Kuhusu Kitenzi katika Uundaji wa Istilahi za Sayansi

1.0 Utangulizi

Msomaji wa maandishi ya Kiswahili yanayoeleza habari za Jua na nyota hatashangaa akikuta sentensi isemayo kwamba Jua "huunguza haidrojeni", au kwamba haidrojeni "huungua" katika kitovu chake na kutoa joto na mwanga. Sentensi hiyo ni fupi, sarufi yake haina kasoro, na inaafikiana na kile ambacho kila mtu hukihisi akisimama nje saa sita za mchana. Kasoro yake ni moja tu: si kweli. Haidrojeni iliyomo katika kitovu cha Jua haiungui. Haikutani na oksijeni kama kuni zinavyokutana na hewa jikoni, wala haiachi nyuma atomu zilezile zilizokuwapo mwanzo katika mpangilio mwingine. Inafanya jambo ambalo Kiswahili kina kitenzi chake cha kale na cha wazi: inaungana.

Makala haya yanatetea hoja kwamba istilahi za michakato ya sayansi hazina budi kuundwa kuanzia kitenzi cha Kiswahili, baada ya tukio lenyewe kueleweka, wala si kuanzia nomino ya Kiingereza inayotafutiwa kisawe. Mfano uliochaguliwa ni mwenendo wa haidrojeni katika mazingira makali ya ndani ya nyota. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni tukio ambalo hakuna mzungumzaji wa lugha yoyote aliyewahi kuliona kwa macho, hivyo maneno ndiyo njia kuu ya mwanafunzi kulifikia. Pili, historia ya fizikia inaonyesha kwamba wazo la kuungua liliwahi kupimwa kwa dhati na kukataliwa. Kulirudisha kwa mlango wa lugha ni kumfundisha mwanafunzi nadharia iliyokwisha kufa.

Suala hili si la wanajimu peke yao. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi nchini Tanzania imekuwa ikitolewa kwa Kiswahili, ilhali masomo ya sayansi katika sekondari yamebaki kufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huvuka mpaka huo akiwa amebeba dhana alizozipata kwa Kiswahili. Ikiwa dhana hizo zimebebwa na kitenzi kisichofaa, lugha ya pili haitazisahihisha, itazifunika tu. Hatimaye Kiswahili kitalaumiwa kuwa hakiwezi sayansi, hali kosa lilikuwa la mteuzi wa neno.

2.0 Tukio Lenyewe

Haifai kulijadili jina kabla ya kukijua kinachopewa jina. Katika karne ya 19 wataalamu walijiuliza Jua linapata wapi nguvu zake. Hesabu ilionyesha kwamba, lau Jua zima lingekuwa makaa ya mawe yanayoungua, lingekwisha kwa muda wa miaka elfu chache tu. Hermann von Helmholtz mwaka 1854, na baadaye William Thomson, aliyejulikana kama Lord Kelvin, walipendekeza kwamba Jua hupata joto kwa kujikunyata chini ya uzito wake lenyewe. Makadirio hayo yalilipa Jua umri wa makumi ya mamilioni ya miaka. Muda huo nao haukutosha, kwa kuwa miamba ya Dunia ilidai umri mkubwa zaidi. Leo umri wa Jua hukadiriwa kuwa miaka bilioni 4.6.

Ufumbuzi ulianza kuonekana mwaka 1920. Francis Aston alipima uzito wa atomu kwa usahihi mkubwa, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba atomu moja ya heli ni nyepesi kidogo kuliko atomu nne za haidrojeni zikijumlishwa pamoja. Tofauti hiyo ni takriban asilimia 0.7. Mwaka huohuo Arthur Eddington, akihutubia Jumuiya ya Uingereza ya Maendeleo ya Sayansi mjini Cardiff, alieleza kwamba ikiwa haidrojeni ndani ya nyota inageuka kuwa heli, basi uzito unaopotea hutoka kama nishati, na hazina hiyo ingelitosha Jua kwa mabilioni ya miaka.

Ilibaki kujulikana kama Jua lina haidrojeni ya kutosha. Wengi waliamini kwamba nyota zimeumbwa kwa mata zilezile zilizomo katika Dunia, chuma kikiwa miongoni mwake. Mwaka 1920 Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, alitoa mlinganyo unaoonyesha jinsi halijoto na kanieneo zinavyoamua ni atomu ngapi zitapoteza elektroni. Mwaka 1925 Cecilia Payne, katika tasnifu yake aliyoiandika Harvard, aliutumia mlinganyo huo kusoma upya mistari ya mwanga wa nyota. Alionyesha kwamba nguvu ya mstari haielezi moja kwa moja wingi wa elementi, kwa sababu sehemu kubwa ya atomu huenda ikawa katika hali isiyoweza kuuchora mstari huo. Hesabu zake zilimpa haidrojeni nyingi kupita elementi zote. Henry Norris Russell, aliyekuwa na sauti kubwa katika taaluma hiyo, alimshauri kwamba jambo hilo haliwezekani. Naye Payne akaandika katika tasnifu kwamba yamkini matokeo hayo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, alifikia hitimisho lilelile na kumtaja Payne. Leo hujulikana kwamba takriban robo tatu ya uzito wa tabaka za nje za Jua ni haidrojeni.

Hali ya kitovu cha Jua ni kali mno. Halijoto yake inafikia kelvini milioni 15, na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 150 hivi, yaani zaidi ya mara kumi ya risasi. Hata hivyo mata hiyo si yabisi. Atomu za haidrojeni zimevuliwa elektroni zake, na viini vyake, ambavyo ni protoni tupu, vinakwenda huku na huko kwa kasi kubwa. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo zinafukuzana. Nishati ya kawaida ya protoni katika kitovu cha Jua ni ndogo mara mamia kuliko ile inayohitajika ili protoni mbili zikaribiane hadi kugusana. Kwa fizikia ya zamani, Jua lisingeng'aa kamwe.

Mwaka 1928 George Gamow alionyesha, kwa kutumia mekanika ya kwanta, kwamba chembe inaweza kuvuka kizuizi ambacho haina nishati ya kukiruka. Mwaka uliofuata Robert Atkinson na Fritz Houtermans waliupeleka ufumbuzi huo kwenye nyota. Hatimaye mwaka 1938 Hans Bethe na Charles Critchfield walieleza mfululizo wa hatua katika nyota zilizo kama Jua. Protoni mbili zinakutana. Moja inageuka kuwa nyutroni, na katika kugeuka huko zinatoka positroni na nyutrino. Kinachobaki ni kiini cha haidrojeni nzito. Kiini hicho kinaungana na protoni ya tatu na kuwa heli nyepesi. Viini viwili vya heli nyepesi vinaungana, vinatoa protoni mbili, na kubakiza heli ya kawaida. Katika nyota kubwa kuliko Jua hutawala njia nyingine, ambamo kaboni, nitrojeni na oksijeni huwa vichocheo. Bethe alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1967.

Hatua ya kwanza ni ya nadra kupita kiasi. Kwa wastani, protoni moja katika kitovu cha Jua hugongana na nyingine kwa mabilioni ya miaka kabla ya kupata muungano mmoja. Ndiyo maana Jua limedumu. Kila sekunde takriban tani milioni 600 za haidrojeni hugeuka kuwa heli, na tani milioni 4 hivi za uzito huo hutoka kama nishati. Lakini Jua ni kubwa mno hata kiasi hicho ni kidogo kwake. Mita moja ya ujazo katika kitovu cha Jua hutoa wati 300 hivi tu. Mwili wa binadamu, ujazo kwa ujazo, hutoa joto zaidi ya hilo.

3.0 Ungua na Ungana

Baada ya maelezo hayo, kitenzi ungua kinaweza kupimwa kwa haki. Kila kitenzi kina ahadi zake. Asemapo mtu kwamba kitu kinaungua, msikilizaji wa Kiswahili anatazamia mambo kadhaa: kwamba kuna moto, kwamba kitu hicho kinaharibika au kuteketea, kwamba moto ukinyimwa hewa utazimika, na kwamba ukali wa moto ndio kipimo cha wingi wa joto litokalo. Hakuna hata moja kati ya ahadi hizo inayotimizwa na haidrojeni ya kitovu cha Jua. Hewa haihitajiki. Kinachotokea si kuharibika bali kujengeka kwa kiini kizito zaidi. Na ukali wa halijoto hauendi sambamba na wingi wa joto, kama mfano wa wati 300 unavyoshuhudia.

Zaidi ya hayo kuna mgongano wa kimofolojia unaostahili kuangaliwa na wanaisimu. Kiswahili kina kiambishi tenguzi ambacho hugeuza maana ya mzizi: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Kwa umbo lake, jozi ya unga na ungua inakaa sawasawa katika safu hiyo. Haidaiwi hapa kwamba ungua yenye maana ya kuathiriwa na moto imetokana na unga yenye maana ya kufanya vitu viwili kuwa kimoja. Asili ya maneno ni suala jingine. Kinachodaiwa ni kwamba katika mfumo wa lugha ya leo umbo ungua linafanana na kinyume cha unga, na sikio la mzungumzaji limezoea ruwaza hiyo. Kwa hiyo, katika jambo ambalo kiini chake hasa ni kuungana, mwandishi wa sayansi amechagua neno ambalo umbo lake linaashiria kutengua muungano. Ni vigumu kupata kosa la istilahi lililo kamili kuliko hilo.

Ieleweke kwamba lawama si kwa sitiari yenyewe. Neno kichocheo, ambalo limekubalika katika kemia ya Kiswahili, limetokana na kuchochea moto. Hata hivyo halimpotoshi mwanafunzi, kwa sababu chochea ilikwisha kupanua maana yake kabla ya kemia kulihitaji: mtu huchochea ugomvi, huchochea hamu, huchochea maendeleo. Ahadi pekee iliyobaki katika neno hilo ni ya kuharakisha au kuzidisha tendo, na ahadi hiyo vichocheo vya kemia huitimiza. Kaboni katika nyota kubwa nayo huitimiza: huharakisha kuungana kwa protoni na mwisho hurudi kuwa kaboni. Kipimo basi ni hiki: sitiari ikitoa ahadi ambayo tukio linaitimiza, na ipokewe; ikitoa ahadi ambayo tukio linaikana, ikataliwe, hata ikiwa tamu masikioni.

4.0 Kitenzi Kwanza

Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi huanza na orodha ya nomino za Kiingereza upande wa kushoto wa karatasi, na nafasi tupu upande wa kulia. Kazi kubwa na ya heshima imefanyika kwa njia hiyo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wake. Lakini utaratibu huo una udhaifu pale istilahi inapotaja mchakato badala ya kitu. Mchakato ni tendo, na makazi ya tendo katika Kiswahili ni kitenzi. Nomino iliyoletwa bila kitenzi chake ni kama jembe lisilo na mpini: lipo, lakini halilimi.

Mfano ulio wazi ni neno myeyungano, linalokutwa katika baadhi ya maandishi kwa maana ya kuungana kwa viini. Neno hili limeundwa kwa kuchanganya yeyuka na ungana. Sababu yake inaonekana mara moja: neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuyeyusha, na mwundaji alitaka kuihifadhi maana hiyo. Lakini katika kitovu cha nyota hakuna kinachoyeyuka. Kuyeyuka ni kutoka hali ya yabisi kwenda hali ya kimiminiko, na haidrojeni ya Jua haikuwa yabisi tangu mwanzo. Kilichohifadhiwa basi ni historia ya neno la lugha nyingine, si ukweli wa tukio. Isitoshe, mzungumzaji akitaka kutumia neno hilo katika sentensi hujikuta hana kitenzi cha kawaida cha kulitendea kazi.

Mtu akianza na kitenzi, mambo hubadilika. Habari yote ya haidrojeni ndani ya Jua inaweza kusimuliwa kwa vitenzi vinne vya Kiswahili ambavyo mtoto wa shule ya msingi anavijua: protoni zinagongana, zinapenya, zinageuka, zinaungana. Kila kimoja kinabeba fizikia yake. Gongana na ungana zina kauli ya kutendana, na kwa hiyo zinadai wahusika wawili au zaidi. Mwanafunzi anatambua mara moja kwamba protoni moja peke yake haiwezi kufanya tendo hilo. Penya ni kitenzi cha kupita mahali penye kizuizi au finyu, bila kukiondoa kizuizi chenyewe wala kukiruka. Kwa maana hiyo kinakaribia ugunduzi wa Gamow kuliko istilahi za lugha nyingine zinazozungumzia kuchimba handaki, kwani hakuna tundu lolote linalochimbwa wala kubaki. Geuka inaeleza jambo ambalo ungana peke yake ingelificha, yaani kwamba protoni moja inaacha kuwa protoni. Na hapo ndipo ilipo siri ya urefu wa maisha ya Jua, kwa kuwa kugeuka huko ndiko kulikokuwa kwa nadra.

Mnyambuliko huongeza usahihi usiopatikana kwa nomino ya kukopa. Yawezekana kusema kwamba viini vya haidrojeni huungana katika kitovu cha Jua; kwamba viini vya chuma vikiunganishwa na vingine havitoi nishati, bali huidai; kwamba katika mpira wa gesi wenye uzito chini ya asilimia 8 hivi ya uzito wa Jua, haidrojeni ya kawaida haiunganiki kwa kiasi cha kutosha kuufanya uwe nyota kamili. Nomino nazo zinafuata bila kulazimishwa: uunganaji wa viini kwa mchakato, na muungano wa viini kwa tokeo lake. Kijalizo "wa viini" ni cha lazima, kwa sababu atomu nazo huungana katika kemia, na tofauti kati ya miungano hiyo miwili ndiyo tofauti kati ya moto wa jikoni na mwanga wa Jua.

5.0 Majina Yanayohitaji Uangalifu

Kuanza na kitenzi hakumaanishi kuyapuuza majina. Haidrojeni ya mazingira makali inaibua matatizo matatu ya nomino ambayo hayawezi kuachwa.

La kwanza ni neno kiini. Katika Kiswahili cha sayansi neno hili hutaja sehemu ya ndani ya atomu, na pia hutumika kwa sehemu ya ndani ya Jua au Dunia. Sentensi "viini huungana katika kiini" inawezekana kisarufi, ila inamchosha msomaji bure. Ingefaa kiini kiachiwe atomu, na sehemu ya ndani kabisa ya nyota iitwe kitovu, kama ilivyofanywa katika makala haya.

La pili ni jina la hali ya mata ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni. Utohozi plazima unagongana na plazima ya damu, ambayo mwanafunzi ameshaisoma katika biolojia. Mgongano huu umerithiwa kutoka lugha za Ulaya, na si dhambi kuurithi. Lakini utohozi huo haujitoshelezi: usipoambatana na maelezo kwamba atomu zimevuliwa elektroni, unabaki sauti tu. Kitenzi vua hapa kinafanya kazi ambayo nomino haiwezi kuifanya.

La tatu, na lenye hatari zaidi, ni metali. Wanajimu wana desturi ya kuziita metali elementi zote zilizo nzito kuliko heli, oksijeni na kaboni zikiwamo. Wakati huohuo, wanafizikia husema kwamba haidrojeni yenyewe, ikigandamizwa vya kutosha, hugeuka metali. Eugene Wigner na Hillard Huntington waliutabiri mgeuko huo mwaka 1935. Mwaka 1996 Samuel Weir na wenzake, katika maabara ya Livermore nchini Marekani, waliibamiza haidrojeni ya kimiminiko kwa kanieneo ya takriban mara milioni 1.4 ya ile ya angahewa, wakaona kwamba inapitisha umeme kama metali ya kimiminiko. Hali ya namna hiyo ndiyo inayoaminika kutawala sehemu kubwa ya ndani ya sayari ya Mshtarii, na ndiyo inayodhaniwa kuizalishia sayari hiyo uga wake mkubwa wa sumaku. Mfasiri asiyelijua tukio anaweza kuandika "haidrojeni ya madini", na hapo atakuwa amekwisha kupotea, kwa kuwa madini huchimbwa ardhini, na almasi ni madini bila ya kuwa metali. Maana inayotakiwa ni mwenendo: haidrojeni inayopitisha umeme kwa sababu elektroni zake zimekuwa huru. Kwa hiyo "haidrojeni ya kimetali" inafaa, mradi sentensi inayofuata iseme elektroni zinafanya nini.

Kinyume chake, upo ushahidi kwamba Kiswahili kikifanya kazi yake vizuri humsaidia mwanafunzi kuliko hata lugha ya kawaida ya wengine. Utenganisho wa joto na halijoto ni mfano. Joto ni nishati inayosafiri. Halijoto ni hali ya kitu. Kitovu cha Jua kina halijoto ya kutisha, lakini kila mita yake ya ujazo hutoa joto kidogo. Msemaji aliyezishika istilahi hizo mbili anaweza kulisema jambo hilo kwa sentensi moja isiyo na utata.

6.0 Pingamizi na Majibu Yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba wanajimu wa dunia nzima wenyewe husema nyota "huunguza" haidrojeni, na hakuna anayepotoka. Ni kweli. Lakini wao waliujua ukweli kabla ya kuizoea sitiari, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili hupewa sitiari kabla ya ukweli, na mara nyingi hapewi kingine. Mzaha wa mafundi hauwi somo la mwanagenzi.

Pingamizi la pili ni kwamba ingekuwa rahisi kutohoa nomino ya Kiingereza moja kwa moja na kuyamaliza yote. Utohozi una mahali pake, na makala haya yameutumia bila kigugumizi: protoni, elektroni, nyutrino, haidrojeni. Hivyo ni vitu, na kitu kigeni kinaweza kuja na jina lake. Tendo ni jambo tofauti. Nomino ya tendo iliyotoholewa haina kauli ya kutendana, ya kutendesha wala ya kutendeka. Kila mara itahitaji kubebwa na "kufanya" au "kufanyiwa". Lugha inayoweza kusema ungana, unganisha, unganishwa na unganika haina haja ya mkongojo huo.

Pingamizi la tatu ni kwamba huku ni kuwakataza watu lugha yao. La hasha. Jua litaendelea kuwaka katika mazungumzo, katika ushairi na katika methali, kama vile linavyoendelea kuchomoza na kuzama ingawa kila mwanafunzi anajua kwamba Dunia ndiyo inayozunguka. Lugha ya kila siku ina haki zake. Kinachoombwa ni kwamba kitabu cha sayansi kisikope usemi wa kila siku mahali ambapo usemi huo unakana kile ambacho kitabu kimekusudia kukifundisha.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo inaweza kuwa onyo kwa mwundaji wa istilahi kabla ya kuwa kejeli kwa msikilizaji. Mwanaisimu asiyejua protoni zinafanya nini hawezi kulipima neno. Na mwanafizikia asiyezijua kauli za kitenzi cha Kiswahili hataona utajiri uliomo mikononi mwake. Vyombo vyenye dhamana ya istilahi, ikiwamo BAKITA, na idara za Kiswahili na za sayansi katika vyuo vikuu, vingefanya vyema kubadili mpangilio wa karatasi zao za kazi. Badala ya orodha ya nomino, kila mchakato uanze na aya moja ya Kiswahili iliyoandikwa na mwanasayansi na mwanaisimu kwa pamoja, ikieleza tukio kwa vitenzi. Kitenzi kipimwe kwa ahadi zake. Nomino ije mwisho, ikiwa imezaliwa na kitenzi hicho.

Cecilia Payne aliisoma mistari ya mwanga ambayo wengine walikuwa wameisoma kabla yake. Alichowazidi ni kujua kwamba ukubwa wa mstari si sawa na wingi wa kitu, na kwamba kabla ya kutaja kilichomo ndani ya nyota ilipasa kuelewa kwanza hali ya atomu zake. Istilahi za Kiswahili nazo zasubiri usomaji wa namna hiyo. Mwanafunzi atakayeambiwa tangu darasa la kwanza la sayansi kwamba haidrojeni ya Jua huungana, hatakuwa na la kusahau atakapofika chuo kikuu. Atakuwa na la kuongeza tu.